Barabara ikifunguliwa, nani atafungua mlango?

MSOMAJI, kwetu theluji ni kitu cha kutazamwa kutoka mbali. Kukipambazuka bila mawingu, aliye Nanyuki huinua macho akauona weupe kileleni mwa Mlima Kenya, kisha akashika njia kwenda kazini. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2008, mvua kubwa ya mawe ilipofunika mlima mzima huko Busara, Nyandarua, watu walitoka majumbani kuushangaa weupe huo, na wengi wakaapa kwamba ilikuwa theluji. Ilibidi wataalamu wa hali ya hewa waeleze kwamba yalikuwa mawe ya mvua.

Kwa hivyo utaniwia radhi nikikuomba leo tuzungumze kuhusu theluji inayoua. Sikuletei kisa cha ughaibuni ili kukupitishia wakati. Nina dai moja ninalotaka kulitoa, na ukifika mwisho utaona kwamba linamhusu mzazi wako aliye mashambani sawa na linavyomhusu Mmarekani.

Milima ya San Bernardino iko katika jimbo la California nchini Marekani, mashariki mwa jiji la Los Angeles. Usidhani ni vilele visivyokalika. Mji wa Crestline uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Lake Arrowhead mita zipatazo 1,570. Yote miwili iko chini kuliko Nairobi! Inapata theluji kwa sababu iko mbali sana na ikweta. Huko huishi walimu, mafundi, wenye maduka na wazee waliostaafu wakafuata hewa safi na utulivu wa misitu.

Theluji huanguka huko kila mwaka na wenyeji wameizoea. Lakini katika wiki ya mwisho ya Februari 2023 dhoruba zilifuatana pasipo kupumua. Mahali pengine theluji ilipita kimo cha mita mbili na nusu. Simama karibu na mlango wa nyumba yako, uutazame kutoka chini hadi juu, kisha uongeze nusu mita. Hicho ndicho kimo ninachokizungumzia.

Magari yaliyozoea kusukuma theluji pembeni mwa barabara yalishindwa, ikabidi zitafutwe mashine nzito na malori ya kuibeba. Barabara kuu za kupanda mlimani zilifungwa. Paa la duka kubwa la vyakula mjini Crestline liliporomoka kwa uzito. Machi 1, Gavana Gavin Newsom alitangaza hali ya hatari katika kaunti 13 za jimbo hilo. Kuna wakazi waliokaa zaidi ya wiki moja, na wengine karibu wiki mbili, wakiwa wafungwa ndani ya nyumba zao wenyewe.

Barabara zilipofunguliwa na majirani wakaanza kubisha hodi kwenye milango, walikuta baadhi ya watu wameshafariki. Kufikia wiki ya pili ya Machi vifo 13 vilikuwa vimeripotiwa katika milima hiyo tangu dhoruba ianze. Hata hivyo, maafisa walisema kwamba ni kimoja tu kilichothibitika kuwa kimetokana moja kwa moja na dhoruba, nacho kilikuwa cha ajali ya gari. Kuhusu wengine, ilielezwa kwamba baadhi walifia hospitalini au katika vituo vya kutunzia wagonjwa mahututi, na kwamba wengi walikuwa na maradhi ya tangu zamani.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame.

<b>Maiti haisemi habari za barabara</b>

Simlaumu daktari anayepasua maiti. Yeye huandika anachokikuta mwilini. Akikuta moyo uliosimama, ataandika moyo. Akikuta ugonjwa wa kisukari, ataandika kisukari. Mwili hauna alama ya kumwonyesha kwamba chupa ya dawa ilikauka siku ya nne, kwamba simu iliita bila kujibiwa, au kwamba gari la wagonjwa lilikwama chini ya mlima.

Lakini sisi tulio hai twaweza kuuliza: je, mtu huyu angefariki wiki hiyo kama barabara ingekuwa wazi? Kwa baadhi jibu ni ndiyo. Ajali na maradhi havingoji dhoruba. Kwa wengine jibu ni la, na hao ni wa theluji hata kama hapana chembe ya theluji iliyowagusa.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998, shangazi yangu alikuwa akiishi peke yake kwenye mteremko mmoja huko Murang'a. Alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu na dawa zake alizifuata kila mwezi mjini. Udongo uliporomoka ukaikata barabara, daraja dogo likaenda na maji. Sisi watoto wake tuliokuwa Nairobi tulisikia redioni kwamba njia imefungwa, tukaambiana kwamba yeye yuko salama kwa kuwa nyumba yake haikuguswa na maporomoko.

Dawa zake zilikwisha. Siku ya sita alipooza upande mmoja, na siku ya nane akafariki. Kwenye cheti kuliandikwa kiharusi. Katika hesabu ya waliouawa na mvua mwaka ule, shangazi hayumo.

Kukosea hesabu kuna gharama. Kile kisichohesabiwa hakitengewi fedha wala hakiandaliwi mpango. Mkubwa akiambiwa kwamba aliyekufa ni mmoja, na kwa ajali ya gari, ataagiza vibao vya kuwaonya madereva. Akiambiwa kwamba waliokufa ni wazee wasiofikiwa na dawa, atauliza orodha ya wazee iko wapi.

Ushahidi upo. Kimbunga Maria kilipopiga kisiwa cha Puerto Rico mwezi wa Septemba 2017, serikali ya huko ilishikilia kwa miezi kadhaa kwamba waliofariki walikuwa 64. Baada ya watafiti wa chuo kikuu kulinganisha vifo vya miezi iliyofuata na vile vya kawaida, idadi rasmi ilipandishwa mwezi wa Agosti 2018 hadi 2,975. Wengi wa hao hawakuchukuliwa na upepo. Walikosa umeme, dawa, maji safi na daktari. Na wakati uleule wa El Niño hapa kwetu, kipindupindu, malaria na homa ya Bonde la Ufa vilifuata maji na kuua watu ambao mafuriko yenyewe yalikuwa yamewapitia kando.

<b>Namna theluji inavyoua</b>

Ili msaada uwe msaada, ni lazima kwanza tujue mauti huingilia mlango gani.

Mlango wa kwanza ni dawa. Mgonjwa wa kisukari, wa moyo, wa presha, wa kifafa au wa pumu haishi kwa chakula pekee. Aidha, insulini ikiganda kwa baridi haifai tena hata ikiyeyuka, na anayetegemea mashine ya kumpa hewa ya oksijeni hutaabika umeme unapokatika.

Mlango wa pili ni moyo. Baridi huibana mishipa ya damu na shinikizo hupanda. Mzee aliyekaa wiki nzima bila kufanya zoezi anaposhika sepetu ghafla na kuanza kuchimba theluji nzito, huutwika moyo mzigo ambao huenda usiuweze. Ndiyo maana madaktari wa nchi za baridi huwaonya wenye maradhi ya moyo wasiiguse sepetu hiyo kabisa, bali wamwachie kijana.

Mlango wa tatu ni hewa yenye sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Haina rangi wala harufu. Umeme ukikatika watu huwasha jenereta karibu na dirisha, huingiza jiko la makaa chumbani, au hukaa ndani ya gari linalonguruma huku theluji imeziba bomba la moshi. Mwezi wa Januari 2022, huko Murree nchini Pakistan, watu wasiopungua 22 waliokuwa wamekwenda kutazama theluji walifariki wakiwa wamekwama katika magari yao barabarani. Ilielezwa kwamba baridi na hewa hiyo ndivyo vilivyowaua.

Mlango wa nne ni baridi yenyewe. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, ulimi ukawa mzito, akachanganyikiwa, kisha akataka kulala. Kutetemeka kukikoma naye angali na baridi, hiyo ni dalili mbaya. Mtu kama huyo huvuliwa nguo zilizolowa, akafunikwa kwa blanketi kavu na kupashwa joto kifuani na shingoni kwanza. Akiwa na fahamu zake apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asipewe pombe hata kidogo, wala asisuguliwe mikono na miguu.

Mlango wa tano ni moto. Katika milima ya San Bernardino theluji ilikandamiza na kuharibu mabomba na mita za gesi, gesi ikavuja, na nyumba kadhaa zikateketea. Wazima moto walitaabika kufika, na mifereji yao ya maji ilikuwa imezikwa chini ya theluji.

Hesabu milango hiyo, msomaji. Ni mingapi inayofungwa kwa blanketi na gunia la unga? Ni mmoja, labda na nusu.

<b>Msaada wa kweli</b>

Sisemi chakula kisipelekwe. Mlimani huko wakazi walisaidiana kwa namna ya kusifiwa. Wenye nguvu walitembea kwa miguu wakibeba mikoba ya wenzao, waliojitolea waliagiza vyakula kwa helikopta, na Msalaba Mwekundu ukafungua mahali pa kuwahifadhi watu. Bila majirani, msiba ungekuwa mkubwa zaidi.

Ninachosema ni kwamba jamii ya mlimani huhitaji mambo mengine ambayo hayapigwi picha.

Kwanza, ijulikane mapema nani ni mgonjwa na nani anaishi peke yake. Orodha hiyo isikae katika ofisi iliyo chini ya mlima. Ikae kwa jirani, kwa muuza dawa na kwa viongozi wa dini, yaani kwa watu watakaokuwa juu pamoja naye njia itakapofungwa. Wakati wa kuiandika ni jua linapowaka. Siku ya dhoruba umechelewa.

Pili, dawa itangulie. Helikopta ya kwanza ikiwa na nafasi ya mfuko mmoja, mfuko huo uwe wa dawa. Na kabla ya msimu wa hatari, mgonjwa aruhusiwe kuchukua dawa za akiba za wiki kadhaa. Sheria ya kumpa mtu dawa za siku chache chache huenda ikafaa kwa anayeishi ng'ambo ya barabara. Kwa anayeishi mlimani ni hukumu.

Tatu, mlango uhesabiwe kuwa sehemu ya barabara. Mashine inaposafisha barabara husukuma theluji pembeni, na pembeni ndiko kwenye milango ya watu. Hujengeka ukuta mgumu kama mawe, na barabara inayotangazwa kuwa wazi huwa imemfungia bikizee ndani zaidi ya alivyokuwa jana. Mkubwa husimama mbele ya waandishi wa habari akasema barabara zote zapitika. Zapitika na nani? Kazi haijaisha mpaka kuwe na njia kutoka kitanda cha mgonjwa hadi kwenye lami, na vijana walipwe kuichimba njia hiyo kwa mkono ikiwa mashine haiingii.

Nne, fedha ni bora kuliko mitumba. Marundo ya nguo kuukuu humpa kazi ya kuchambua mtu ambaye angekuwa akiwafikia wagonjwa. Mwenye duka aliyepotewa na mali na kibarua aliyekosa mshahara wa wiki tatu wanajua wenyewe wanachohitaji. Waulizwe.

Tano, wageni wasiondoke pamoja na theluji. Mapaa yaliyopinda, kuta zilizolowa na kuota ukungu unaochochea pumu, madeni, na usingizi usiokuja, yote hayo huonekana jua linapotoka. Mtu aliyelala usiku mwingi akisikiliza paa likilia juu ya kichwa chake hushtuka kila mawingu yanapotanda. Mtoto huanza kukojoa kitandani. Mzee hunyamaza. Hao si waoga wala si wendawazimu. Wanahitaji mtu wa kuwasikiliza, na ambaye hali yake haipungui baada ya wiki kadhaa apelekwe kwa daktari bila kuonewa aibu.

Sita, wafu wahesabiwe kwa haki. Kila kifo kilichotokea njia ikiwa imefungwa kichunguzwe kwa swali lile nililolitaja: angekufa wiki hii kama barabara ingekuwa wazi? Jamaa waulizwe, muuza dawa aulizwe, jirani aulizwe. Lengo lisiwe kumtafuta wa kufungwa jela. Lengo liwe kujua ni mlango upi uliachwa wazi.

<b>Utasema theluji haitufiki</b>

Najua kuna atakayesema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri yenye theluji. Nami namjibu kwamba utajiri ndio unaonifanya niogope. Nchi yenye mashine, ndege na hospitali kubwa ilishindwa kufika kwenye milango ya wazee wake kwa zaidi ya wiki, na jiji kubwa liko umbali wa saa chache kwa gari. Sisi tujitazame.

Mwezi wa Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliwazika watu wengi huko Pokot Magharibi, na mafuriko yakayavunja madaraja ambayo waokoaji walihitaji kuyapita. Matope hufunga barabara kama theluji inavyoifunga. Tofauti ni rangi tu. Aliye upande wa pili mwenye presha, mwenye kisukari au mwenye dawa za ukimwi za kumezwa kila siku, huhesabu vidonge vyake vilivyobaki kwa namna ileile.

Kuna na jambo dogo zaidi. Baridi ya Juni na Julai inapoingia Limuru, Kinangop na hata Nairobi, bado tunaingiza jiko la makaa chumbani na kuziba dirisha kwa tambara. Ile hewa iliyoua watu Murree ndiyo iyo hiyo. Haihitaji theluji. Jiko la makaa litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.

Basi wewe uliye mjini unayesoma gazeti hili, nakuomba ufanye mambo manne kabla ya wiki kwisha. Mpigie simu mzazi au mkubwa wako aliye milimani, umwulize ana dawa za siku ngapi. Usimwulize kama yuko salama, maana atakujibu yuko salama. Mwulize idadi ya vidonge. Andika majina ya dawa hizo na vipimo vyake, nawe ubaki na nakala. Muulizie kwa daktari wake kama anaweza kupewa akiba ya mwezi mmoja wakati wa masika. Kisha mpate jirani mmoja mwenye miguu mizuri, mwombe awe akipita kila siku njia ikifungwa, na uwe na nambari yake ya simu.

Hayo hayagharimu kiasi cha kutisha. Sisi tulikuwa watu wazima wanne hapa Nairobi, kila mmoja na mshahara wake, na hakuna aliyejua shangazi alikuwa amebakiwa na vidonge vingapi. Redio ilipotangaza kwamba barabara imefunguliwa, tulishukuru Mungu, tukafunga safari Jumamosi yake. Tulipofika, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na jirani aliyeuvunja alikuwa ameshaurudishia kwa msumari.